Mliosoma Ukraine na Urusi, lile suala la "hapa ni kwa nani" mlilikutaje? Tupeane uzoefu

Mzee wa Podfak
Wakuu, heshima kwenu. Kila nikishika simu nakuta watu wanaigawa Ukraine kama keki: anayesema Kirusi ni Mrusi, anayesema Kiukraine ni Muukraine, kesi imeisha. Sisi tuliopigwa na baridi ya kule tunajua mambo hayakuwa mepesi hivyo. Naanza mimi.

Nilisoma udaktari Kharkiv, 2009 hadi 2015. Mji mzima Kirusi: sokoni Barabashovo Kirusi, kwenye daladala zao Kirusi. Mlangoni hosteli palikuwa na bibi mlinzi, mzaliwa wa Belgorod, upande wa Urusi, kama kilomita 80 tu kutoka pale. Simu ya mezani ikilia aliipokea kwa neno moja, "Slushayu!", yaani nasikiliza, kwa sauti inayokutia hatia hata kama hujakosa kitu. Kila Pasaka alipanda treni kwenda kwa dada yake na mfuko wa soseji.

2014 Crimea ikachukuliwa na Urusi, Donetsk ikawaka. Dada mtu akawa anampigia kumweleza kwamba Kharkiv imejaa mafashisti. Siku moja nikamsikia bibi akimuuliza, "Anayeishi Kharkiv ni mimi au ni wewe?" Pasaka ya mwaka uliofuata hakusafiri.

Binti Simferopol
Mkuu umenikumbusha mbali. Mimi nilikuwa Crimea kwenyewe. Usiku wa kuamkia 30 Machi 2014 tulilala na saa ya Kyiv tukaamka na ya Moscow, mishale imerukishwa saa mbili nzima. Hryvnia ikaanza kupotea madukani, ruble ikaingia. Kibali changu cha kuishi kilikuwa cha nchi ambayo ofisi zake hazipo tena mtaani! Nikafunga virago, nikahamia Vinnytsia, ndani ya Ukraine.

Ila anayenijia kichwani kila mara ni mama mwenye nyumba, Mtatari. Alizaliwa Uzbekistan, kwa sababu Mei 1944 Stalin aliwazoa Watatari wa Crimea na kuwapakia kwenye mabehewa ya mizigo. Yeye karudi ukubwani. Msikiti wao mkongwe pale mjini unaitwa Kebir-Jami, mtu wa pwani hahitaji mkalimani. Wapangaji wakibishana ardhi ni ya Mrusi au ya Muukraine, mama anaendelea kukanda unga wa chebureki (sambusa zao hizo, kubwa kama kiganja), halafu anauliza bila kuinua kichwa: "Na sisi tulikuwa wageni wa nani?" Kimya chumba kizima.

Chalii wa Lviv
Kwetu magharibi ilikuwa kinyume. Nimefika na Kirusi changu cha kuungaunga, nanunua mkate, nasema "spasibo". Muuzaji ananiangalia, ananifundisha taratibu kama mtoto: "Dyakuyu." Hakununa, lakini chenji hakuitoa mpaka nimelitamka.

Mjukuu wa Voronezh
Mimi nilikuwa upande wa pili, Urusi, msinirushie mawe. Mwalimu wetu wa historia aliianza Urusi kutoka Kyiv, mwaka 988, watu wa Kyiv walipobatizwa Ukristo mtoni Dnipro. Kwake kuambiwa Kyiv ni nchi ya watu wengine ilikuwa kama kuambiwa kaburi la babu yako limehamishiwa kwa jirani. Sikukubaliana naye, lakini hakuwa anaigiza. Na chumbani nilikaa na kijana wa Luhansk ambaye nyumba yao iliangukiwa na kombora 2014. Yeye Kyiv hataki hata kuisikia. Huyo naye utampa somo gani?

Kobe Mpole
Crimea si Moscow yenyewe iliwapa Waukraine mwaka 1954? Aliyetoa akichukua chake kosa liko wapi?

Mzee wa Podfak
Kobe, 1954 ilikuwa kuhamisha kitu kutoka chumba hadi chumba ndani ya nyumba moja, Muungano wa Kisovieti. Nyumba ilipovunjika, Desemba 1991, Waukraine walipiga kura ya uhuru: zaidi ya asilimia 90 nchi nzima walikubali, na hata Crimea, pamoja na Warusi wake wote, ilivuka asilimia 54. Ukianza kudai kwa lugha na ukoo, kesho Wamasai na Wadigo tuwaweke upande gani wa Namanga na Horohoro? Balozi wa Kenya kule Umoja wa Mataifa, Martin Kimani, aliligusa hilo hilo Februari 2022, siku tatu kabla ya vita. Kura ilipokuja 2 Machi, Kenya ikaunga mkono azimio la kuilaani Urusi, Tanzania yetu ikajizuia. Mkitaka kuligombania hilo fungueni uzi mwingine.

Binti Simferopol
Mzee, na yule bibi je?

Mzee wa Podfak
Nilimpigia wiki ya pili ya vita, Kharkiv inapigwa usiku na mchana. Iliita sana. Ikapokelewa, sauti ile ile ya kutisha: "Slukhayu!"

Hicho ni Kiukraine. Miaka sita sikumsikia akikitamka hata mara moja. Nikatazama namba upya nikidhani nimekosea.