Bosi akisema "bill" huwa ataka ipi? Naomba ushauri, niko kliaringi Mombasa

KaraniMgeni

Waungwana, salaam aleikum na hamjambo nyote.

Nimeanza kazi juzijuzi kwenye ofisi ya kliaringi, yaani ya kuwatolea wateja mizigo bandarini, hapa mjini, karibu na Moi Avenue. Kiingereza changu si kibaya, shuleni nilikuwa nikikipasi. Ila kuna neno moja lanitoa jasho, nalo ni "bill". Mie tangu utotoni najua bili ni ya maji, ya stima, na ile ya hospitali inayofanya ukoo mzima uitane kwa harambee. Huku ofisini kila karatasi ni bill, na kila mtu huitamka kana kwamba iko moja tu duniani.

Leo bosi, ambaye yuko Nairobi, kanitumia ujumbe huu. Naunukuu vile ulivyo:

"Get the bill from the line, check it against the bill, then bill the client and attach the bill."

Bill nne ndani ya sentensi moja! Faili lenyewe ni la gari moja kutoka Japani, na kazi yatakiwa kesho mchana. Dada mwenye uzoefu ofisini yuko likizo ya uzazi, nami naona haya kumsumbua.

Nauliza mawili. Moja, bosi ataka nini hasa? Pili, kwa siku za mbele, nikariri maana zote za hili neno au kuna njia nyingine?

MlaMahamri

Mtafute Bill Gates, alipe zote nne. Kesi kwisha.

BabuKilindini

Kijana, karibu bandarini. Mie nilianza kliaringi enzi za taipureta na karatasi za kaboni, sasa nimestaafu niko kwangu Changamwe. Sikiza.

Kabla ya kamusi yoyote, jiulize mzigo waingia ama watoka. Mzigo ukitoka, tuseme ni majani ya chai yaenda ng'ambo, laini ya meli, yaani kampuni ya meli, ndiyo humpa mwenye mzigo bill of lading (BL), hati ya shehena, baada ya kupakiwa. Hapo "the bill from the line" ingekuwa hiyo BL. Lakini gari lako laingia. BL yake ilitolewa Japani, ikapewa muuzaji, naye akamtumia mteja wenu kwa kuria ama akaipitisha benki. Wewe ndiye wa kuipeleka kwa laini: waisalimisha, walipa gharama zao, wakupa DO (delivery order), hati ya kutolea gari.

Kwa hivyo bill ya kwanza kwenye ujumbe wa bosi ni invoisi ya gharama za laini. Ya pili ndiyo BL. Ataka uziweke sambamba, uangalie namba ya BL, jina la meli na safari yake, jina la mwenye mzigo, na kwa gari usiache namba ya chesisi, herufi kwa herufi. Ya tatu si karatasi, ni kitendo: muandikie mteja invoisi ya ofisi yenu. Ya nne ni ileile ya kwanza, waiambatisha ili mteja aone hamkumtilia chumvi.

Na hiyo BL usiishike kama risiti ya duka. Kazi zake ni tatu. Ni stakabadhi kwamba laini imeupokea mzigo, ni ushahidi wa mkataba wa kuusafirisha, na ni hati ya umiliki, yaani mwenye kushika ya asili ndiye mwenye haki ya kudai mzigo. Kawaida hutolewa asili tatu, na moja ikishatumika, zile mbili zimekufa. Ndiyo maana sisi mteja akiingia mlangoni swali la kwanza lilikuwa, "Asili ziko ngapi mkononi?" Habari za nyumbani baadaye. Ukikuta telex release, jua asili zilishasalimishwa kule mzigo ulikotoka, hapa hudaiwi nyingine.

Jambo la mwisho: mizigo ya watu wengi ikichanganywa kontena moja, utakuta BL mbili. Laini humpa mchanganyaji Master, naye huwapa wenye mizigo House. Bosi akisema "bill" kwenye faili kama hilo, hapo hata mie nauliza.

SwahibaLikoni

Babu, heshima yako iko palepale, ila mie sikubaliani moja kwa moja. Ofisi niliyofanya, tajiri akisema "bill from the line" mara nyingine alitaka nakala ya BL itolewe kwenye mfumo wa laini, hata kama mzigo waingia. Kila ofisi ina lugha yake. Kwa nini huyu ndugu asipige simu tu?

BabuKilindini

Kupiga simu si aibu, na hilo la kila ofisi na lugha yake ni kweli. Lakini asipige akauliza "bill ni nini?" Aulize, "Invoisi ya laini ama BL?" Bosi hujibu neno moja na simu yakatika. Ukimpa mtu mawili ya kuchagua, ajua kazi waijua.

MwalimuTudor

Nimefundisha Kiingereza miaka mingi, acha nimjibu swali la pili. Usikariri. Wanaokariri orodha husahau zote siku ya mtihani.

Kwanza fahamu kwamba hilo si neno moja. Ni maneno matatu tofauti, yakaishia na tahajia moja. Kuna "bill" ya mdomo wa ndege, ambayo ni Kiingereza cha kale kabisa. Kuna "bill" ya silaha, panga lenye ncha ya kupinda, nayo ni ya kale vilevile. Siku hizi utaisikia zaidi kwenye "billhook", kifaa cha kupogolea matawi. Na kuna "bill" ya karatasi, iliyotokana na Kilatini *bulla*, yaani lakiri ya kutia kwenye barua rasmi. Hata amri za Papa huitwa "bull" kwa sababu hiyohiyo, si kwa sababu ya fahali.

Ukishazitenga, mbili za kwanza hazitakusumbua ofisini. Hii ya karatasi ndiyo yenye watoto wengi, na wote wana sura ya mama yao: maandishi rasmi yanayoorodhesha kitu au kudai kitu. Orodha ya vyakula ni "bill of fare", Kiingereza cha kizamani kidogo. Tangazo la kubandikwa ukutani ni bill, ndiyo maana ya "Post no bills" kwenye kuta, na ndiyo asili ya "billboard" unazoziona ukitoka Nyali Bridge. Ya kumwamuru mtu alipe fedha ni "bill of exchange", ina sheria yake Kenya, Sura ya 27. Haki za raia kwenye sura ya nne ya katiba yetu ya 2010 huitwa "Bill of Rights", jina walilolitumia Waingereza mwaka 1689 na Wamarekani kwa marekebisho yao kumi ya 1791.

Njia yenyewe basi: angalia jirani yake. Likifuatwa na "of", neno linalofuata ndilo lenye maana, bill yenyewe yasema tu "hati". Likitanguliwa na jina la mtu wa kulipwa, ni deni. Likiwa bungeni, ni mswada. Likifuatwa na mtu, kama "bill the client", limegeuka kitenzi.

Na kwa kuwa wewe ni mtu wa bandari, hii nakupa zawadi. Mtu akisema daktari kampa "a clean bill of health", watu hudhani ni bili ya hospitali iliyolipwa. La. Zamani meli ikiondoka bandarini ilibeba hati ya afya kuonyesha kama kule ilikotoka kulikuwa na tauni. Isipokuwapo, hati ni "clean". Ikiwapo, ni "foul", na meli hukaa karantini nje watu wakiangaliana kwa mbali. Leo nahodha hujaza tamko la afya chini ya kanuni za kimataifa za 2005, lakini msemo umebaki midomoni.

BabuKilindini

Mwalimu, umenikumbusha. Na hiyo "clean" iko hata kwenye BL! "Clean bill of lading" ni ile ambayo nahodha hakuandika dosari yoyote ya mzigo. Akiandika magunia yamelowa ama masanduku yamevunjika, si clean tena, na benki yenye kulipa kwa hati huweza kuikataa. Karani asome pembe zote za ile karatasi, dosari huandikwa kwa herufi ndogo.

FundiMshomoroni

Kwenye mjengo tuna "bill of quantities", na hakuna anayeiita hivyo, ni BQ tu. Nondo kadhaa, saruji kadhaa, kokoto lori kadhaa. Mwenye nyumba asiyekuwa na BQ hunitajirisha. Nimesema tu.

WeitaNyali

Hotelini nako usiseme. Muingereza akimaliza kula huomba "the bill". Mmarekani huomba "the check", na weita mgeni hukimbia kwa meneja akidhani mtu ataka kulipa kwa hundi. Halafu Mmarekani huyohuyo akikwambia "I only have big bills", hana madeni makubwa, ana noti kubwa za dola. Muingereza noti huiita "note". Sisi tumeshazoea, twatazama pasipoti kabla ya kujibu.

NahodhaShimoni

Mwalimu kasema mdomo wa ndege hautamsumbua. Asije huku kwetu. Wageni wa kuvua samaki huja kwa ajili ya "billfish", wakimaanisha nduwaro na sulisuli, wale wenye mdomo mrefu kama mkuki. Na ndege hondohondo ni "hornbill". Mtu wa kliaringi akisikia billfish atatafuta invoisi ya samaki.

MwanaMvita_001

Mbona mwasahau bill iliyotikisa nchi? Finance Bill 2024. Vijana waliingia barabarani nchi nzima, hapa Mombasa pia, tarehe 25 Juni yakatokea yaliyotokea Nairobi, na kesho yake Rais akasema hausaini. Hapo ndipo wengi tulipojua bill si sheria. Ni mswada mpaka usainiwe.

SwahibaLikoni

Tusiuteke uzi wa mtu kwa siasa, tafadhali.

MwanaMvita_001

Si siasa, ni maana ya neno! Na tena serikali hiyohiyo hukopa kwa "Treasury bills", za siku 91, 182 au 364. Wainunua kwa bei ya chini ya thamani iliyoandikwa, muda ukiisha walipwa thamani kamili. Hapo ajabu ni kwamba bill si ya kukudai wewe, ni wewe unayeidai serikali. Benki Kuu yauza kwa mfumo uitwao DhowCSD. Jina la jahazi, na watu wa pwani hatujui hata kama upo.

BintiKibokoni

Ofisi ya mawakili tuna "bill of costs". Kesi ikiisha, wakili huorodhesha kazi alizofanya na malipo anayodai, kisha ofisa wa mahakama hukaa akikata na kupunguza. Kitendo hicho huitwa "taxation", na wateja wapya wakisikia neno hilo hudhani KRA, watu wa kodi, wamekuja. Kwa hiyo kaka yangu KaraniMgeni usijione mjinga, hata huku watu huzimia.

Langu la ushauri ni moja tu. Mwenyewe, ukiandika barua pepe, usiandike "bill" pweke. Andika "BL", andika "line invoice", andika "our invoice". Bosi atakuiga bila kujua.

KaraniMgeni

Wallahi nimepata zaidi ya nilichokuja kutafuta. Nilimpigia bosi, nikamuuliza kama Babu alivyosema. Akajibu "line invoice" akakata. Babu, hesabu yako ilikuwa sawa zote nne.

Sasa jambo jipya. Niko kwa laini hivi sasa. Invoisi yao yaonyesha meli sawa, safari sawa, namba ya BL sawa, jina la mteja sawa. Ila chesisi kwenye BL yaishia 0718, na kwenye invoisi yaishia 0178. Nimemuuliza dada wa kaunta, asema wao wameichukua kwenye manifesti, ile orodha ya mizigo ya meli. Nilipe kisha tutengeneze, ama nisubiri?

BabuKilindini

Usilipe, na mteja usimuandikie invoisi bado. Sogea pembeni ufanye hivi.

Kwanza usidhani BL ndiyo sahihi kwa kuwa ni ya asili. Toa cheti cha Japani cha kusafirishia gari, lazima kimo kwenye faili, utazame chesisi yake. Ikiwezekana mtu wenu aliye yadi aisome kwenye gari lenyewe na akutumie picha. Hivyo viwili vikikubaliana na BL, manifesti ndiyo yenye kosa, na mwenye kuirekebisha kwa watu wa forodha ni laini, si wewe. Peana ombi kwa maandishi pamoja na nakala ya BL na cheti. Ukiingiza entry, yaani tamko la forodha, kabla ya hapo, mfumo wa forodha hautalinganisha gari na manifesti, na mtazunguka wiki.

Vikikubaliana na manifesti, basi BL ndiyo mbovu, na hiyo hutengenezwa na aliyeitoa, Japani. Hapo muambie bosi mara moja.

Vyovyote iwavyo, fanya leo. Siku za storeji hazingoji mtu.

KaraniMgeni

Cheti kinasema 0718. Picha ya yadi imeingia sasa hivi, 0718 pia. Naandika ombi hapahapa kaunta.

MlaMahamri

Na bili ya chai ya Babu nani atalipa?