Oktoberfest au viwanda vidogo vya bia Ujerumani? Tuna wiki moja mwishoni mwa Septemba

Mama Neema

Habari za jioni wadau. Mimi na mume wangu tunaishi Düsseldorf, mimi ni muuguzi, yeye anafanya kazi kwenye ghala la mizigo. Zamu zetu hazikutani mara nyingi, ila mwaka huu tumepata likizo pamoja, wiki nzima, na mtoto atabaki na wifi yangu.

Mume wangu anataka twende Munich kwenye Oktoberfest, ile sherehe kubwa ya bia. Sijakataa, lakini moyo wangu uko kwingine. Nimekulia Rombo. Bibi yangu alikuwa anapika mbege, na watu walikuja kuinywa pale pale uani kwake, wamekaa kwenye magogo, kata inazunguka. Kila mtu alijua mbege hii kaipika nani, imelala siku ngapi, ulezi umetoka kwa nani. Nimesikia hapa Ujerumani bado kuna sehemu bia inapikwa na familia na kunywewa hapo hapo inapopikwa. Hicho ndicho ninachotaka kukiona mimi.

Hatuna gari, na hata tungekuwa nalo hakuna kuendesha mtu akishakunywa. Mfuko wetu ni wa kawaida. Na niulize jingine, naomba majibu ya kweli: mtu mweusi akiingia baa ya kijijini huko Bavaria anapokelewaje?

Chogo wa Munich

Karibuni Munich. Mkija Oktoberfest, njooni siku ya kazi, mfike kabla ya saa sita mchana. Kuingia kwenye mahema ni bure, na wakati huo mnapata pa kukaa bila kuweka nafasi. Jumamosi msithubutu. Ni sherehe nzuri sana, watu wanaimba wamepanda juu ya benchi, na shemeji akiiona mara moja roho yake itatulia. Ila kwa hicho unachokitafuta wewe dada, msubiri Baba Kulwa aje, yeye na mkewe ndiyo mambo yao.

Baba Kulwa, Nürnberg

Nimefika. Mama Neema, msalimie shemeji.

Mimi na mke wangu tuko Nürnberg tangu watoto wakiwa wadogo, na starehe yetu kubwa Jumamosi ni kupanda treni kwenda kunywa bia mahali inapopikwa. Kwa hiyo nitakujibu kwa urefu. Oktoberfest wanaoruhusiwa kuuza bia ni viwanda sita tu vya mji wa Munich, tena vikubwa, na lita moja kwenye mahema mengi imeshapita euro 14. Nendeni siku moja mkaone. Lakini uani kwa bibi yako kupo huku kwetu kaskazini mwa Bavaria, Oberfranken, eneo dogo lenye viwanda vya bia zaidi ya mia moja, vingi vikiwa mali ya familia.

Anzieni Bamberg. Kutoka Nürnberg kwa treni haifiki saa moja. Mji wa kale wote uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1993, na viwanda vyake viko katikati ya nyumba za watu. Mtaa wa Obere Königstraße, mwendo mfupi kutoka stesheni, kuna viwili vinavyotazamana, Spezial cha mwaka 1536 na Fässla cha 1649. Vyote viwili vinakodisha vyumba. Laleni pale. Mnashuka ngazi asubuhi mnakuta harufu ya kimea imejaa korido, na jioni mkimaliza glasi hakuna habari ya usafiri.

Halafu vukeni mto mwende Schlenkerla, chini ya kanisa kuu. Hapo ndipo penye bia ya moshi. Wewe unajua kimea: unaloweka ulezi, unauotesha, unauanika juani. Shayiri ni hivyo hivyo, ikishaota lazima ikaushwe, na huku jua la kuaminika hakuna, kwa hiyo zamani ilikaushwa juu ya moto wa kuni na bia karibu zote zilikuwa na moshi ndani yake. Zilipokuja tanuri za hewa ya moto, moshi ukatengwa na nafaka, na wapishi karibu wote wakahamia huko. Schlenkerla na Spezial hawakuhama. Mpaka leo wanakausha kimea chao wenyewe kwa moto wa kuni za Buche, mti mgumu wa misitu ya huku.

Kaeni karibu na kaunta muangalie inavyomiminwa. Pipa ni la mbao na limelala juu ya kaunta. Hakuna gesi ya kuisukuma bia, inashuka kwa uzito wake. Mhudumu anafungua koki, glasi ya nusu lita inajaa bia nyeusi inayoelekea wekundu, povu zito linapanda hadi ukingoni, anaiacha itulie kidogo kisha anaijaliza. Harufu inakufikia kabla glasi haijafika mdomoni, na ni kama umefunua kapu la samaki wa moshi wa Kigoma. Mke wangu aliisukuma ile glasi upande wangu. Wenyeji wanasema usiihukumu bia hii kwa glasi ya kwanza, na ni kweli, moshi unarudi nyuma taratibu, unaanza kuusikia utamu wa kimea. Sasa hivi yeye ndiye anayeniambia twende. Kwa chakula agizeni kitunguu cha Bamberg, kitunguu kikubwa kilichojazwa nyama ya nguruwe na kumwagiwa mchuzi uliopikwa kwa bia ile ile. Kama moshi huu utawashinda, wa Spezial ni wa upole zaidi.

Jambo ninalolipenda kuliko yote: sheria ya Bavaria ya mwaka 1516 iliruhusu shayiri, hopsi (maua ya mmea yanayotia bia uchungu) na maji tu, na mpaka leo wapishi wa huku wanaishikilia, ukiongeza hamira ambayo wakati ule haikutajwa. Kwa hiyo mpishi hana pa kujifichia. Unakunywa bia ya kijiji hiki, unatembea kilomita tatu, unakunywa ya kijiji kinachofuata, vitu ni vile vile vinne na ladha ni nyingine kabisa. Hiyo ni kazi ya mkono wa mtu, na mtu mwenyewe mara nyingi yuko pale nyuma ya kaunta.

Kama hali ya hewa ni nzuri, jioni pandeni kilimani Spezial-Keller. Zamani kabla ya mashine za kupoza, wapishi walichimba mahandaki kwenye vilima kuhifadhi bia wakati wa joto, na juu yake wakapanda miti ya kivuli. Watu wakaanza kuifuata bia huko huko. Sasa juu ya handaki kuna meza za mbao, na mji mzima na minara ya kanisa iko chini yenu. Kwenye bustani nyingi za namna hii unaruhusiwa kuja na chakula chako, bia tu ndiyo unayonunua kwao. Sisi tunabeba mkate, jibini, figili na kachumbari yetu kwenye kopo.

Siku nyingine kwa miguu: treni ndogo kutoka stesheni ya Nürnberg Nordost hadi Gräfenberg, halafu njia ya mashambani kupitia Thuisbrunn hadi Hohenschwärz, kila kijiji na kiwanda chake.

Kuhusu kupokelewa, sitakudanganya. Mkiingia baa ya kijijini vichwa vitageuka, na baadhi vitachukua muda kurudi. Tunachofanya sisi ni kusalimia wote kwa sauti mlangoni, "Grüß Gott", na tukikaribishwa meza yenye watu tunaigonga kidogo kwa ngumi kama wanavyofanya wao. Kuna meza moja huwa ya wateja wa siku zote, mara nyingi ina kibao kilichoandikwa Stammtisch. Hiyo msiikalie mpaka mkaribishwe. Baa moja kijiji nisichokitaja tulihudumiwa baada ya watu waliotukuta tumekaa, tukalipa tukaondoka, hatujarudi. Lakini kwingine kote tumekaa na wakulima na mafundi paa, tukaulizwa kwetu tunapika pombe gani, na mke wangu akaeleza ulanzi wa Iringa unavyogemwa kwenye mianzi hadi meza ikanyamaza kumsikiliza.

Shirima

Nimeusoma huo moshi wa Bamberg nikiwa Kibosho. Kwetu ndizi za mbege zinawekwa darini juu ya jiko ziive, kwa hiyo moshi tunaujua. Mama yangu bado anapika. Anachemsha ndizi mpaka ziwe nyekundu, anaziacha zichachuke, anachuja, anapata nyonyo. Anapika uji wa kimea cha ulezi, anachanganya, na gamba la msesewa linatia uchungu. Sasa swali kwa Baba Kulwa: huo uchungu wa kwao wote ni wa hopsi? Na wanaichuja, au mnakunywa na machicha yake?

Wanjiku, Brussels

Mama Neema, kama Munich inawezekana kuachwa, fikirieni Brussels, kutoka Düsseldorf ni karibu kuliko Bavaria. Kuna kiwanda kinaitwa Cantillon, kipo Anderlecht tangu mwaka 1900, unatembea tu kwa miguu kutoka stesheni ya Midi. Hawatii hamira. Wanapika shayiri na ngano, halafu usiku wanamimina yote kwenye sinia kubwa la shaba chini ya paa, na hamira ya hewani inaingia yenyewe. Kisha inakaa kwenye mapipa ya mbao mwaka, miwili, mitatu, na wanachanganya ya umri tofauti kupata ile wanayoita gueuze. Ni chachu kweli kweli. Mtu aliyezoea mbege au busaa haimshtui hata kidogo, mimi mume wangu Mbelgiji ndiye aliyeshangaa nilivyoipenda. Mwisho wa Septemba hamtawakuta wakipika kwa sababu wanangoja miezi ya baridi, lakini mapipa mtayaona na kuonja mtaonja.

Mama Neema

Asanteni sana, Mungu awabariki. Mume wangu amesoma yote amekaa pembeni yangu hapa. Amekubali: siku moja Munich, kisha Bamberg. Wanjiku, Brussels tutakuja wikiendi ya kawaida, mtoto tukimwachia wifi tena, nitakutafuta.

Baba Kulwa, asante kwa jibu la kupokelewa, ndilo lililokuwa linanisumbua zaidi. Sasa niambie, ipo sehemu mtu anapika na kuuza nyumbani kwake kabisa, siyo baa?

Baba Kulwa, Nürnberg

Ipo, na nilikuwa naiweka akiba uniulize mwenyewe. Inaitwa Zoigl, mashariki mwetu, Oberpfalz. Nendeni Windischeschenbach, treni inafika, mnabadilisha Weiden. Ng'ambo ya mto kuna Neuhaus.

Mji una nyumba moja ya kupikia ambayo ni ya wote. Haki ya kupika ni ya nyumba fulani fulani tangu enzi, na inarithiwa pamoja na nyumba. Familia ikifika zamu yake inakwenda pale, inawasha moto wa kuni chini ya sufuria kubwa, inapika, halafu yale maji ya kimea yanapelekwa nyumbani yakachachuke kwenye handaki lao wenyewe. Bia ikiiva wanatundika nje nyota ya pembe sita, alama ya zamani ya wapika bia, na mlango unakuwa wazi kwa siku chache. Unakaa sebuleni kwao. Tulipokwenda sisi, mama mwenye nyumba ndiye aliyekuwa anakata soseji na mkate jikoni, mjukuu analeta sahani, na babu anapita meza hadi meza kuuliza mwaka huu imetokaje. Mzee mmoja pale aliionja, akatikisa kichwa, akamwambia uchungu umezidi kidogo kuliko ya mwezi uliopita. Babu akakubali, wakaanza kujadiliana kuhusu hopsi kwa muda mrefu, na hakuna aliyekasirika.

Shirima, na wewe jibu lako liko hapo. Uchungu ni wa hopsi tupu, na Zoigl haichujwi, inakuja na ukungu wake. Machicha ya kimea yenyewe yanatolewa mapema, kabla hawajachemsha na hopsi. Huku wanayapeleka kwa ng'ombe.

Mama Neema, nyumba hazifunguliwi zote kwa pamoja. Wana kalenda yao ya Zoigl, iko mtandaoni, itazameni kwanza ndipo mpange siku, maana mkifika wiki isiyo na zamu mtakuta milango imefungwa. Hata viwanda vya vijijini vina siku ya mapumziko, nyingi ni Jumatatu au Jumanne. Bebeni pesa taslimu, kadi wengi hawapokei. Tiketi ya treni ya Bayern (ndiyo Bavaria) mnasafiria wawili kwa moja, siku za kazi inaanza saa tatu asubuhi. Fässla wapigieni mapema kuulizia chumba, Septemba watu ni wengi. Na mkipita Nürnberg mniandikie faraghani, mke wangu ameshasema anataka kusikia habari za mbege ya bibi.