Tupeane uzoefu: kumwandikia maelezo au kiapo mtu asiyejua kusoma (Arusha na Moshi)

Mama wa Kaloleni: Jirani au mzee anakuja na shauri la kihamba (shamba la ukoo la Wachaga), anaomba aandikiwe. Mnaoifanya kazi hii kila siku, elekezeni: inaharibikia wapi?

Karani Majengo: Inaharibikia pale unapomsafishia maneno. Mzee wa Kibosho akisema mpaka ni masale (mimea ya kuonyesha mpaka) kuanzia kwenye mfongo (mfereji wa maji), andika masale na mfongo. Ukimgeuzia "mpaka wa mashariki", siku ya kuhojiwa atasema masale, na upande wa pili utadai amejikanganya. Mwache asimulie kwanza huku kalamu iko chini. Akirudia ndipo uandike: "mimi", aya zenye namba, kila aya jambo moja. Tarehe asiyoikumbuka usimbunie. "Masika ya mwaka 2014" inatosha.

Wakili Sekei: Kwenye hati ya kiapo, alichoona mwenyewe kikae mbali na alichoambiwa, na aliyemwambia atajwe. Hoja za sheria na maombi visiingie humo. Aya za namna hiyo hufutwa. Kamishna wa viapo, yaani anayemwapisha, aandike jina lake, mahali na tarehe. Wakili anayeendesha shauri hilohilo asimwapishe. Na lugha ya mahakama tangu 2021 ni Kiswahili, msimbebeshe bibi Kiingereza.

Mkalimani Ngaramtoni: Kama Kiswahili chake ni kidogo, asomewe kwa Kimaasai au Kichaga, na mkalimani aandike jina na kusaini kwamba ametafsiri. Katika jinai, maelezo yakitumika bila shahidi kufika, Sheria ya Ushahidi inamtaka aliyemsomea athibitishe hivyo kwa maandishi. Tafadhali, "umeelewa?" haitoshi. Wazee huitikia kwa heshima. Mwombe aeleze aya ya tatu kwa maneno yake. Ikitofautiana na karatasi, rekebisha karatasi.

Mama wa Kaloleni: Na dole gumba?

Karani Majengo: Kidole cha mtu wa shamba kifutwe kwa kitambaa chenye unyevu, kikauke. Wino kidogo, ukizidi mistari ya kidole inazibika. Bonyeza mara moja bila kusugua, kila ukurasa, kisha andika pembeni "dole gumba la kushoto la" na jina kamili. Kosa likatwe kwa mstari mmoja, aweke dole hapo pembeni. Dawa nyeupe ya kufutia huzua maswali. Mwisho weka jina lako wewe uliyeandika.