Waya za meno miezi 6 kwa mtu mzima, yawezekana?

Wa Shela, Malindi: Nina miaka 34, meno ya mbele yamepandana. Nimeahidiwa miezi 6. Ni salama?

Fundi Taya: Kunyoosha ya mbele tu, kama yamepandana kidogo, yawezekana. Kurekebisha meno ya juu na chini yaumane sawasawa ni miezi 18 hadi 24. Jino husogea takriban milimita 1 kwa mwezi, maana mfupa huliwa upande mmoja na kujengeka upande wa pili. Waya ukikazwa kupita kiasi, damu hukatika kwenye utando unaoshika mzizi: jino linagoma, na ncha ya mzizi yaweza kuliwa. Mzizi uliolika haurudi tena, ndugu yangu.

Muulize daktari wako nafasi ya kusogezea meno ataitoa wapi. Akisaga mbavu za meno, isizidi milimita 0.5 kati ya jino na jino.

Bi Mswaki: Kwanza eksirei ya taya nzima, na fizi zipimwe. Zikitoka damu, zitibiwe kabla ya waya. Kokwa za ubuyu na kashata achana nazo, zabandua vibati vinavyogandishwa kwenye meno kushika waya.

Fundi Taya: Na riteina, kifaa cha kushikilia meno yasisogee, kila usiku baada ya waya kutolewa. Ukiiacha, meno yarudi yalikotoka. Uliza kama imo kwenye bei.