Wiki ya tano tangu ajali ya gari: niandike nini kwenye daftari la dalili, na mara ngapi?

Mwana_wa_Pili

Habari zenu ndugu zangu. Naomba msaada kwa yeyote aliyepitia haya, au anayewahudumia watu waliopata ajali.

Wiki 5 zilizopita nilikuwa kiti cha mbele cha abiria, mdogo wangu anaendesha. Tulikuwa tumesimama kwenye mataa nyuma ya lori. Gari lililotoka nyuma yetu halikusimama. Likatugonga, likatusukuma hadi boneti ikaingia chini ya tela. Namshukuru Mungu sote tulitoka hai. Nilikuwa na mchubuko wa mkanda kuanzia begani kushuka hadi nyonga, na chembe za kioo mkononi. Tulipigwa eksirei, tukaambiwa hakuna mfupa uliovunjika, tukarudi nyumbani na dawa za maumivu. Usiku ule nililala kama gogo. Shingo ilianza kesho yake mchana: niliinama kufunga kamba za viatu, nikashindwa kuinua kichwa.

Tangu hapo nina shingo iliyokaza, kichwa kinagonga upande wa kisogoni, na kiganja cha kulia kinakufa ganzi baadhi ya usiku. Halafu kuna mambo ambayo sijui hata niyaite nini. Baada ya kugongwa injini ilizima lakini indiketa iliendelea, tik, tik, tik, nami nikawa naisikiliza kwa muda ambao siwezi kuukadiria. Sasa nikisikia indiketa ya gari lolote, mikono inatoka jasho. Nikiwa abiria, mguu wa kulia unakandamiza sakafu kana kwamba kuna breki pale, mpaka nikishuka paja linauma. Usingizi ni wa kuparamia. Namkaripia mdogo wangu kwa vitu vya bure, na yeye ndiye aliyenitoa garini.

Shida yangu ni hii. Kila nikienda kwa daktari ananiuliza naendeleaje, nami najibu, "Naendelea vizuri, ni shingo tu." Nikishafika mlangoni kutoka, yote yananirudia. Ndipo nikachukua daftari nikaanza kuandika kila kinachotokea, kila saa. Siku 10, kurasa 43. Na naona wazi nazidi kuwa vibaya. Nikiwa nimeisahau shingo kwa nusu saa, saa inafika, naanza kuyatafuta maumivu yalipo. Nikiyatafuta nayapata.

Je, niandike mara ngapi? Ya mwili na ya moyoni niyatenganishe? Kuna namna ya kupima yenye maana kuliko kuandika "leo vibaya"? Au niache kabisa?

---

Baba_Mapacha

Pole sana dada. Usiache, ila punguza.

Mimi ajali yangu ina miaka 2 sasa, gari liliviringika. Nilifanya kosa lako hilohilo, tena mimi nilikuwa naandika kwenye simu, kwa hiyo hata usiku wa manane naamka naandika, kisha usingizi haurudi. Aliyenisaidia ni muuguzi mmoja aliyeniambia niandike mara moja tu kwa siku, baada ya chakula cha jioni, kwa dakika zisizozidi 5, na nisiandike kitandani. Baada ya hapo daftari linafungwa na linakaa chumba kingine. Wiki ya kwanza ilinishinda. Ya pili nikaanza kuona mchana unapita bila mimi kujichunguza.

Kuhusu kutenganisha: usitenganishe. Mimi nilikuwa na madaftari mawili, moja la mgongo na moja la "mawazo", na kwa miezi 3 sikuona kilichokuwa mbele ya macho yangu. Siku maumivu ya mgongo yalipofika 7 au 8 kati ya 10 ndizo siku nilizokuwa nimeiota ajali usiku uliotangulia. Nilikuwa nalala nimekunja ngumi na kuuma meno. Asubuhi taya linauma, kisha mabega, kisha mgongo mzima. Nilikuwa nameza dawa za mgongo kwa ajili ya ndoto. Nilikuja kuliona siku nilipoyaweka madaftari yote mawili mezani, tarehe kwa tarehe.

Jambo moja zaidi. Nilikuwa napatwa na kifua kubana na moyo kwenda mbio nikiwa kwenye foleni ya magari. Ikaja kuonekana ni hofu. Lakini nilipimwa moyo kwanza, ndipo nikaambiwa hivyo. Usijiambie "ni mawazo tu" kabla mtu hajakupima.

Na mdogo wako anaendeleaje? Hujasema.

---

Viungo_na_Misuli

Pole dada. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na watu wa shingo baada ya kugongwa kwa nyuma nawaona karibu kila wiki. Kwanza, maumivu kuanza kesho yake si ajabu wala si kwamba unajitungia. Kichwa kinarushwa nyuma kisha mbele, misuli na kano za shingo zinavutika, na uvimbe na kukaza vinakuja taratibu, mara nyingi saa kadhaa baadaye, wakati mwingine siku 1 au 2. Eksirei inaonyesha mifupa. Haionyeshi hayo.

Ungeniletea kurasa 43 nisingeweza kuzisoma zote, nakwambia kwa heshima. Ninachotafuta ni kidogo. Namba ya maumivu kati ya 0 na 10, moja kwa siku. Lakini namba peke yake hainisaidii. "Shingo 6" ya mtu aliyelala kutwa na "shingo 6" ya mtu aliyefua nguo ni habari mbili tofauti kabisa. Kwa hiyo andika pia ulifanya nini. Kipo kipimo cha shingo kinachotumika sana, Neck Disability Index, kina sehemu 10, na ukikitazama utaona sehemu nyingi haziulizi "inauma kiasi gani". Zinauliza: unaweza kusoma? Kunyanyua kitu? Kuendesha gari? Kulala? Hayo ndiyo maisha ya mtu.

Ukitaka kitu cha kupima nyumbani, kaa kwenye kiti kilekile, mahali palepale, kila jioni. Geuza kichwa taratibu kulia, kisha kushoto, na andika unaona hadi wapi: ukingo wa dirisha, kitasa cha mlango, kona ya kabati. Usilazimishe. Wiki 2 baadaye ukiona umetoka dirishani ukafika kwenye kitasa, hiyo ni nafuu hata kama namba ya maumivu bado ni ileile. Wengi huanza kupata mwendo kabla maumivu hayajashuka, na wasipoandika hawaoni. Na kama mtu alikupa kola ya shingo, muulize anayekutibu lini uivue; kwa jeraha la aina hii lisilo na mfupa uliovunjika, kujongea mapema kwa kawaida ni bora kuliko kuifunga shingo kwa wiki nyingi.

Ganzi ya kiganja ipewe mstari wake: vidole gani, saa ngapi, ulilalaje, inakwisha baada ya dakika ngapi. Vidole ni muhimu, maana vinaonyesha mshipa wa fahamu upi unabanwa na wapi, shingoni au kwenye kifundo cha mkono.

Kuna mambo hayasubiri daftari wala miadi. Mkono ukianza kuishiwa nguvu na kuangusha vitu, miguu ikiyumba, ganzi ikija katikati ya mapaja, mkojo au choo kikikutoka bila kujua, nenda siku hiyohiyo. Vivyo hivyo kichwa kinachozidi siku hadi siku, kutapika mara kwa mara, degedege, kuchanganyikiwa, usingizi ambao mtu haamsiki, mboni moja kuwa kubwa kuliko nyingine. Kwa wazee na wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, damu inaweza kuvuja taratibu ndani ya fuvu na kujitokeza wiki kadhaa baadaye. Tumbo linalouma na kuzidi pale mkanda ulipopita, kifua kinachochoma ukivuta pumzi, shavu la mguu mmoja lililovimba, navyo ni vya kukimbilia hospitali.

Nina swali. Ulisema hukumbuki uliisikiliza indiketa kwa muda gani. Ulipigiza kichwa? Unakumbuka kushuka garini?

---

Mwana_wa_Pili

Asanteni sana. Swali lako la mwisho limenikalisha kimya. Hapana, sikumbuki kushuka. Nakumbuka indiketa, kisha nakumbuka nimekaa ukingoni mwa barabara na viatu sina. Mdogo wangu anasema nilimuuliza mara 4 au 5 kama simu yangu ipo. Hospitalini waliniuliza kama nilizimia, nikasema hapana, kwa sababu sikudhani nilizimia.

---

Mnasihi_Mkimya

Dada, hilo mwambie daktari wiki hii, kama ulivyoliandika hapa, maneno yaleyale. Mtu anaweza kupata mtikisiko wa ubongo bila kuzimia kabisa. Kupotelewa na dakika kadhaa na kurudia swali moja ni dalili zake.

Nafanya kazi ya unasihi na watu waliopata kiwewe, na mkanganyiko mkubwa ninaouona ni huu. Kukosa usingizi, hasira za ghafla, kushindwa kutulia kwenye jambo moja, vyote vinaweza kutoka kwenye ubongo uliotikisika, vinaweza kutoka kwenye kiwewe, na vinaweza kutoka kwenye maumivu yenyewe. Mara nyingi ni vyote vitatu pamoja. Hutaweza kuvichambua peke yako, na hupaswi. Unachoweza ni kuandika kilichotangulia. Kichwa kiliuma baada ya kusoma kwa muda mrefu na mwanga mkali? Au baada ya kusikia breki? Hapo daktari ana pa kuanzia. Kipo kipimo cha Rivermead cha mwaka 1995 cha dalili 16 za mtikisiko wa ubongo, na ninachokipendea ni kwamba kinakutaka ulinganishe na ulivyokuwa kabla ya ajali. Kama ulikuwa unaumwa kichwa tangu zamani, liandike pia.

Kwa upande wa kiwewe, muda una maana. Siku na wiki za kwanza karibu kila mtu anashtuka, anaota, anaiona ajali upya, na kwa wengi hupungua kwenyewe. Mwongozo wa DSM-5 wa mwaka 2013, unaotumika kutambua magonjwa ya akili, unazihesabu dalili za kuanzia siku 3 hadi mwezi 1 kuwa msongo mkali wa muda mfupi. Zikipita mwezi ndipo tunazungumzia maradhi ya mfadhaiko baada ya kiwewe. Wewe uko wiki ya 5, kwa hiyo huu ndio wakati wa kupimwa. Omba PCL-5, dodoso la dalili za kiwewe. Ina maswali 20, kila moja linapewa 0 hadi 4, jumla haizidi 80. Mtu akifika 31 hadi 33 au zaidi, tunamfanyia uchunguzi kamili. Alama hizo hazitoshi kumpa mtu jina la ugonjwa. Usiijaze kila siku, maana inauliza kuhusu mwezi mzima uliopita.

Sasa kuhusu daftari lako. Umeandika jasho, mguu, hasira. Hujaandika ulichokikwepa. Kukwepa hakuumi, kunaleta nafuu, ndiyo maana hakuna anayeandika alichokikwepa. Nakuomba mstari mmoja kila jioni: "Leo sikufanya nini kwa sababu ya ajali?" Safari uliyoikataa, njia uliyoizunguka, simu ya mdogo wako ambayo hukuipokea. Na usiisimulie ajali yenyewe usiku ukiwa peke yako. Iko tiba ya kuisimulia, ni tiba ya kisaikolojia inayolenga kiwewe, na nyingine ya kusogeza macho iitwayo EMDR, na zote zinasaidia wengi. Lakini zinafanywa na mtu aliyefunzwa, hatua kwa hatua.

Ukijikuta unawaza kuwa bora usingeishi, siku hiyo hiyo mwambie mtu aliye karibu nawe na uende hospitali. Hilo haliandikwi likasubiri.

---

Mwana_wa_Pili

Nimerudi baada ya siku 12.

Kurasa 43 nimezifunga kwa mpira na kuziweka kabatini. Naandika mistari 6 jioni, basi. Kwa daktari nilikwenda na nusu ukurasa, nikampa asome kabla hajaniuliza naendeleaje. Alisoma kwa dakika 2 hivi, akarudi juu akasoma tena ule mstari wa kutokumbuka kushuka. Alinimulika machoni, akanigonga viwiko na magoti kwa kinyundo, akanibana vidole apime nguvu, akanitembeza kwa mstari ulionyooka. Anasema inaelekea nilipata mtikisiko wa ubongo, na kwamba haoni dalili za hatari kwa sasa, niendelee kufuatilia. Ganzi ni kidole gumba na viwili vinavyofuata, usiku tu, na nguvu ipo. Nimeandikiwa fiziotherapia. PCL-5 nilipata 41, nimepangiwa mwanasaikolojia wiki ijayo.

Mstari wa "sikufanya" ndio uliniliza. Siku 7 za kwanza nilikataa gari mara 9. Siku moja nilitembea dakika 40 nizunguke mataa yale, na jioni niliandika "shingo 3, siku nzuri". Ningeendelea kuziita siku nzuri. Na siku 3 nilizopanda gari, shingo ilifika 7, 6 na 7. Baba_Mapacha, niliona ulichokisema. Si kiti cha gari. Ni mabega yangu yaliyopanda hadi masikioni na mguu kwenye breki isiyokuwepo, safari nzima. Mtaalamu wa viungo amenipa zoezi la kuyashusha kila tunaposimama.

Uliuliza kuhusu mdogo wangu, nikaona aibu kwamba sikuwa na jibu. Juzi alinikuta naandika, akaniomba nimsomee. Nikasoma:

"Shingo 4. Kulia naona kitasa. Usingizi kama masaa 5, niliamka mara 2. Gari: ndiyo, dakika 12, kiti cha nyuma. Indiketa: jasho, likakauka kabla hatujashuka. Sikufanya: kupita kwenye mataa yale."

Akanyamaza, kisha akasema yeye huliona lile lori kila akifumba macho kuoga. Hajamwambia mtu. Nimempa daftari aandike kuanzia nyuma.