Kidole gumba cha mguu hakikunjiki, naombeni ushauri

Wakuu, habari za leo. Nina miaka 52, ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, kutwa nimesimama. Kiungo cha kidole gumba cha mguu wa kulia, pale kinapoungana na wayo, kimekakamaa, na juu yake kuna nundu ngumu inayosuguliwa na kiatu. Ngazi nazipanda kwa shida, lakini kinachoniumiza zaidi ni swala: sijida na tahiyatu zote zinataka kidole kikunjwe. Sasa naswali kwenye kiti (ruhusa ipo, najua, msinihubirie).

Mtaani kila mtu ni daktari: "Hiyo gauti, acha nyama!" Lakini asidi ya yuriki (ile inayoleta gauti ikizidi kwenye damu) iko kawaida, na sijawahi kupata ule uvimbe mwekundu wa ghafla usiku. Eksirei imeonyesha gegedu limelika na mfupa umeota kwa juu.

Daktari ameshauri viatu vya soli ngumu isiyopinda, yenye mkunjo kidogo mbele ili mguu ubiringike, na dawa ya kupaka. Vikishindwa, upasuaji: ama kuchonga mfupa uliozidi, ama kuunganisha mifupa moja kwa moja. Huo wa pili huondoa maumivu, ila kiungo hakikunjiki tena maisha.

Aliyewahi kuchongwa, kidole kilirudi kukunjika kiasi gani? Na fundi viatu wa kawaida anaweza kuniwekea soli ya namna hiyo?