Tupeane uzoefu: mteja msumbufu na sisi mafundi tunaojitegemea

FundiNyaya (Uyole)
Wakuu, habari za majukumu. Uzi huu ni wetu tusio na bosi wa kutukingia kifua mteja anapokuja juu. Tusisimuliane nani alimfanyia nani nini. Kila mmoja aweke mbinu za kazi yake, kwa vipimo na hesabu, ili mwenzake azitumie kesho asubuhi.

Naanza na umeme. Huku kwetu kwenye baridi ugomvi mkubwa ni shawa ya umeme. Mteja ananunua ya wati 5,500, halafu anataka iungwe kwenye laini ya soketi ili asinunue waya mwingine. Wati 5,500 kwa volti 230 ni karibu ampea 24, wakati soketi ya ukutani ni ya ampea 13. Itayeyuka, na atakayeitwa tapeli ni wewe. Shawa inataka laini yake kutoka kwenye bodi, waya wa milimita za mraba 6, breka ya ampea 32 na ethi ya uhakika. Akikataa, mfungie vingine, hiyo iache. Usikubali "funga tu, lawama zangu". Nyumba ikiungua hakuna atakayeyakumbuka maneno hayo.

Wiki mbili baadaye anapiga simu: "Fundi, umeme unakula." Mpe hesabu kabla hujafunga. Dakika 10 za shawa hiyo ni karibu uniti 0.9. Watu 5 wakioga mara moja kwa siku, uniti 4.6 zimekwenda. Mwandikie kwenye karatasi. Akiendelea kuwa na wasiwasi, chomoa kila kitu, zima swichi zote za taa, ila swichi kuu iache, kisha mtazame pamoja taa ndogo ya mita ya LUKU. Ikiendelea kupepesa, kuna mahali umeme unavuja na ni kazi yako kupatafuta. Ikiacha kupepesa, matumizi ni yake.

Na mkipatana bei kwa kila pointi, kwanza mkubaliane pointi ni nini. Taa moja yenye swichi mbili, ya juu na ya chini ya ngazi, ni pointi moja au mbili? Hilo limeshavunja urafiki mwingi.

Randa (Mafinga)
Kamwene wakuu. Kwetu maseremala mteja mgumu ni yule anayekuja na mbao zake. Amenunua paini iliyopasuliwa juzi, ukigongelea msumari maji yanachuruzika, na anataka milango 4 Jumamosi. Mwezi wa tatu mvua ikiwa nyingi mlango unaingia vizuri. Ikifika Agosti upana umepungua, viungo vimeachia, mwanga unapita pembeni. Hapo hataki kusikia habari ya mbao mbichi. Anasema hujui kazi.

Mpimie akiona. Kata kipande cha futi 1 kutoka katikati ya ubao, si mwishoni, maana ncha hukauka mapema. Kipimeni kwenye mizani ya duka la jirani, andika uzito na tarehe kwa penseli juu ya kipande chenyewe, kikae ndani, mkipime tena kila baada ya siku 3. Uzito ukiwa bado unashuka, mbao hazijakauka.

Akikubali kusubiri, zipange juu ya matofali zisiguse ardhi, weka vijiti vya inchi 1 kati ya safu na safu kila baada ya futi 2, na vijiti vyote vikae mstari mmoja kuanzia chini hadi juu. Vikipishana, mbao zinapinda. Paa juu, pembeni wazi upepo upite, ncha zipakwe rangi ya mafuta zisipasuke. Ubao wa inchi 1 unataka miezi miwili mitatu, wa inchi 2 zaidi ya hapo.

Asipokubali, andika kwenye risiti: "Mbao za mteja, mbichi, hazina dhamana ya kupinda wala kusinyaa," asaini. Hata hivyo fanya kazi kwa akili: paneli usiigundishe kwenye fremu, ikae huru ndani ya mfereji wake, acha milimita 3 pande zote, rangi ifike hadi kwenye ukingo wa juu na wa chini wa mlango. Kingo hizo mbili wengi wanaziruka, na ndizo zinazonyonya maji.

MamaSindano (Mwanjelwa)
Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo hamjambo. Kwenye cherehani, ukurasa mmoja wa daftari unazima nusu ya maneno. Juu andika jina, simu, tarehe ya kuleta na ya kuchukua. Katikati vipimo vyote kwa inchi na mchoro mdogo wa mshono. Chini andika yadi alizoleta, alicholipa, kinachobaki. Pembeni bana kwa pini kipande cha kitambaa chake, ukubwa wa kidole gumba, asije akasema umembadilishia. Kisha msomee kwa sauti: "Kifua 38, kiuno 30, urefu wa sketi 38." Wengi wanasahihisha hapohapo. Halafu asaini.

Kitambaa kipimeni mezani kabla hajaondoka. Anakuja na kitenge cha yadi 6 na picha kwenye simu ya gauni lenye sketi ya duara zima. Mpigie hesabu. Kiuno 30 ukigawa kwa 6.28 ni karibu inchi 5, ndiyo nusu kipenyo cha tundu la kiuno. Jumlisha urefu 38 na inchi 1 ya kukunja, unapata 44. Kitenge kina upana wa inchi 45 hivi, kwa hiyo kila nusu duara inakula inchi 88 za urefu, na mbili ni 176, karibu yadi 5. Inabaki yadi moja, na sehemu ya juu ya gauni yenye mikono inataka yadi moja na nusu au zaidi. Maua yakitazama upande mmoja, ongeza tena. Mwambie wakati huo achague: nusu duara, au akaongeze kitambaa. Ukigundua baada ya kukata, umeshanunua kitenge kipya.

Pamba inarudi ikifuliwa, karibu inchi 1 kwa kila yadi. Iloweke na uianike kabla ya kukata, au umwandikie kwamba amekataa. Mishono ya pembeni iachie inchi 1 kila upande. Mteja wa harusi mpe siku ya kujaribisha, siku 4 kabla ya shughuli, wala usimpe asubuhi ya shughuli yenyewe.

Brashi (Njombe)
Rangi: plasta mpya isubiri siku 28, na kwa baridi na ukungu wa huku isubiri zaidi. Bandika karatasi ya nailoni ya mraba wa futi 1 ukutani, uizibe kingo zote kwa selotepu, uiache mpaka kesho. Ikiwa na umande kwa ndani, usipake, rangi itabanduka. Rangi mteja asiichague kwenye karatasi ya dukani; mpakie mita 1 kwa mita 1 ukutani, aione mchana na usiku chini ya taa yake. Na mkipatana kwa mita za mraba, semeni mapema kama madirisha yanatolewa au hayatolewi.

Timazi (Iringa)
Mteja akisema "punguza bei", punguza kazi. Kama bei ni 600,000 naye ana 500,000, mwonyeshe kinachotoka: plasta ya nje ya ukuta wa nyuma, kwa mfano. Ukishusha bei kazi ikabaki ileile, kesho atajua ulimpandishia, naye atakuwa na haki ya kufikiri hivyo.

Vifaa alipe yeye dukani moja kwa moja, risiti iwe kwa jina lake. Bati ndiyo hatari kubwa. Geji 30 ni nyembamba kuliko geji 28, namba inawachanganya watu, wanadhani kubwa ndiyo nene. Aende mwenyewe, aisome chapa kwenye bati.

Pesa ya ufundi igawanye kwa hatua zinazoonekana: 30 kwa mia kuanza, 30 tofali zikifika kwenye linta, 30 plasta ikiisha, 10 wakati wa kukabidhi. Hatua ikipita bila malipo, simama. Simama kwa adabu, lakini simama.

Nyongeza ndizo zinazoua. "Fundi, hapo si utanitolea na kibaraza tu?" Itikia, halafu kabla ya kushika mwiko tuma ujumbe: "Habari mzee. Kibaraza ulichosema leo ni kazi mpya. Ufundi 85,000, siku 2. Ukijibu ndiyo naanza." Lisipokuja jibu, kazi haianzi.

Akilalamikia nyufa, zisome kabla hujajitetea. Nyufa nyembamba kama nywele zilizotapakaa ni plasta iliyokauka haraka: tofali za kuchoma hazikuloweshwa, zikanyonya maji yote, au hakuna aliyemwagilia siku 7. Hizo rekebisha, ila kama mteja ndiye aliyeahidi kumwagilia maji, hilo liwemo kwenye makubaliano. Ufa unaoshuka kwa ngazi kufuata maungio ya tofali ni msingi uliozama. Huo usiuzibe kwa saruji ukaondoka.

Mteja akisema "nitalipa baada ya mavuno", andika tarehe. Wa mpunga wa Mbarali anaweza kuvuna mwezi wa sita na kuuweka ghalani akisubiri bei ipande. Kwake bado ni "mavuno".

Bisibisi (Tunduma)
Simu: kabla ya kufungua, jaribuni pamoja kioo, chaji, kamera, maiki na spika. Piga *#06# uandike namba ya IMEI. Laini na memori kadi ashike mwenyewe. Kifaa kilichotolewa mrudishie kwenye kimfuko.

Koleo (Mbalizi)
Na deni likigoma? Polisi hawakusanyi madeni. Hayo ni madai, si jinai. Siku ya 3 mkumbushe kwa ujumbe wa upole wenye kiasi na tarehe. Siku ya 7 mpigie. Siku ya 14 mpe barua, nakala ubaki nayo, kisha uende kwa mwenyekiti wa mtaa mkapatanishwe. Ikishindikana, Mahakama ya Mwanzo. Daftari lenye saini, jumbe za simu na miamala ya M-Pesa vyote beba. Kwa Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, madai ya mkataba yana miaka 6.

Kitu ulichokifanyia kazi kikiwa bado mikononi mwako, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inakupa haki ya kukizuia mpaka ulipwe kwa kazi hiyo. Angalizo: ni kwa kazi hiyo. Usizuie geti la leo kwa deni la dirisha la mwaka jana, na usiliuze kwa uamuzi wako.

FundiNyaya (Uyole)
Ndaga sana wote. Na akiwa ndugu, shemeji au mchungaji wako? Hapo ndipo daftari linaona aibu.

MamaSindano (Mwanjelwa)
Yeye ndiye wa kumwandikia kwanza, kaka. Andika: "Mshono 40,000. Punguzo la undugu 10,000. Analipa 30,000." Mpe asome.